Mhariri, hiyo methali ya samaki imetuchosha

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni miezi sasa. Mi nina miaka 58, gitaa nilipiga nikiwa kijana, nikaliacha nilipoanza kazi na kulea, mwaka jana nikalirudia. Sasa kila nikimwambia mtu kwamba najifunza upya anacheka kidogo afu ananitupia ile ya samaki mkunje angali mbichi. Wote, yaani ni kama wameambizana. Hata mwalimu wa kwanza niliyemwendea aliisema, na huyo nilikuwa namlipa!

Wengi wa wasemaji hao hawajawahi kukaza hata uzi mmoja, so acha niseme nilichokiona mwenyewe.

Siku nilipolitoa gitaa stoo nyuzi zilikuwa zimeshika kutu na zimepaa juu ya shingo, ukifika freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) unaona kabisa mwanga unapita chini yake. Nikabonyeza, vidole vikauma, sauti ikatoka kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, nikajiambia basi, kweli nimezeeka. Wiki 3 nzima niliamini hivo. Kumbe mgonjwa alikuwa gitaa bana. Nyuzi 6 za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 hivi, usiku na mchana, sasa liache hivyo hivyo limekazwa miaka 30 uone kama shingo haitapinda. Fundi akanyoosha shingo, akashusha nyuzi, na mkono uleule wa mzee ukaanza kubonyeza bila kulia. Najiuliza ni wangapi wameliacha wakidhani ni umri na kumbe ni milimita 2 au 3 tu za urefu wa nyuzi.

(Kabla ya hapo nilishaharibu lingine la kuazima, lilikuwa la nyuzi za nailoni, mi nikalifunga za chuma kwa kutojua, daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, likaanza kubanduka tumboni. Gitaa la nailoni halikuundwa kubeba mvuto huo. Mwenyewe hajanisamehe mpaka leo na ana haki.)

Lililonishangaza zaidi ni mkono. Kichwani sikukumbuka hata nyuzi zinaitwaje, lakini nilipoanza kutyuni kwa njia ya zamani, ile ya kubonyeza freti ya 5 ili uzi ulingane na unaofuata, nilipofika uzi wa tatu kidole kikahama chenyewe kikaenda freti ya 4. Wanaopiga wanajua, ni hapo tu ndo hesabu inabadilika. Mi nilishasahau kabisa kwamba inabadilika. Kidole hakikusahau. Nilikaa pale kama dakika nzima nakiangalia kama kidole cha mtu mwingine.

Na kodi nazo (za gitaa jamani, zile noti kadhaa za kupiga pamoja zinazoitwa G, C, F, sio zile za serikali) zilirudi hivo hivo kwa vipande, G kwenda C ilirudi wiki ya kwanza, ila ile F ya kulaza kidole cha shahada nyuzi zote 6 bado inakoroma.

Kigumu kilikuwa sikio. Nikiwa kijana nilipiga gitaa ambalo hata halijalingana sauti na nikajiona bingwa. Sasa nimesikiliza muziki miaka zaidi ya 40, sikio limekomaa limeuacha mkono mbali, kila kosa nalisikia, kila uzi unaokoroma nausikia, na nadhani hiki ndo kinachowakatisha tamaa watu wazima kuliko vidole. Mtoto anapiga vibaya saa nzima na anafurahi, hajisikii, mtu mzima anajisikia kuanzia noti ya kwanza na anaona aibu hata akiwa peke yake chumbani. Vidole vyenyewe baada ya mwezi hivi viliota sugu nikasahau maumivu. Aibu haioti sugu upesi hivyo.

Sisemi umri si kitu. Mwaka 1995 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa wapigaji 9 wa ala za nyuzi, wakaona sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto ni kubwa kuliko kwa wasiopiga, na kwa walioanza wadogo ni kubwa zaidi. Haya, hapo samaki mbichi kapata goli lake. Lakini kutoka hapo mpaka kumwambia mtu wa 58 asijisumbue ni mbali sana.

Halafu kuna wanaonitia moyo kwa kunitajia Segovia, yule mpiga gitaa wa Uhispania, kwamba alizaliwa 1893 na alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa na miaka 90 na kitu. Asanteni, ila yule hakuliacha, mfano wake hautuhusu sisi tuliokimbia tukarudi. Wa kwetu ni Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz, moto ulimuunguza mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa karibu havifai, akajifunza upya kupiga kwa vile vilivyobaki. Alikuwa kijana ndio, lakini mi mwenye kidole cha mwisho kinachokakamaa kila asubuhi namuelewa yeye zaidi kuliko namuelewa Segovia. Kidole hicho sikilazimishi, natafuta njia nyingine ya kuipata kodi ileile.

Ninachoomba mhariri ni hiki, wapeni walimu wa muziki nafasi kwenye gazeti waandike kwa ajili yetu, sio kila siku masomo ya watoto. Watuambie mtu akirudi aanze na gitaa kwenda kwa fundi au aanze na vidole, apige dakika 15 kila siku au asubiri Jumamosi apige saa 2 (mi nilijaribu zote, ya Jumamosi ilinipa maumivu ya kiwiko tu), na wasitupe vile vinyimbo vya chekechea, tuna sikio la watu wazima jamani tunaboreka.

Naishia hapa, leo sijapiga zile dakika zangu 15 na F inanisubiri.

Ni mimi msomaji wenu,
Samaki Mkavu