Barua kwa shangazi yangu, kuhusu watu wa Warumi 16

Shikamoo shangazi,

Ulisema kanisa ni la mitume na wachungaji, na ninyi wa jikoni mnapita tu. Kwenye simu sikupata la kukujibu, kwa hiyo naandika hapa, na wengine wasome.

Fungua Warumi 16. Huwa tunairuka, kwa kuwa ni salamu na majina magumu. Paulo yuko Korintho, yapata mwaka 57, anawasalimu waumini wa Roma zaidi ya 20. Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi, wanawake wanne, anawasifu kwa jambo lile lile: wamejitaabisha katika kazi ya Bwana. Halafu yupo mama yake Rufo. Jina lake hatukuachiwa, ila Paulo anasema ni mama yake yeye pia. Mtume mzima, aliyepigwa na kufungwa, alikuwa na mama wa watu aliyemchukua kama mwanawe! Hatusomi popote kwamba mama huyo alihubiri, na bado Paulo hakufunga waraka bila kumsalimu.

Hata mkono ulioandika si wa Paulo. Ni wa Tertio, karani, ambaye kwenye mstari wa 22 anatoa salamu zake mwenyewe. Na wengi huamini aliyeufikisha Roma ni Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea.

Sasa ruka hadi tarehe 17 Julai 180. Wakristo 12 wa Scillium, mji mdogo wa Afrika Kaskazini, wamesimamishwa kwa ajili ya imani yao mbele ya liwali wa Kirumi, Saturninus, mjini Carthage, Tunisia ya leo. Wamo Speratus, Nartzalus, Donata, Vestia, Secunda. Liwali anauliza kuna nini ndani ya kasha lao. Speratus anajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku 30 za kufikiri kama wataiacha imani, wakazikataa, wakauawa kwa upanga.

Nyaraka hizo hazikufika Afrika zenyewe, shangazi. Kuna walionakili, waliobeba, waliozificha nyumbani huku wakijua zinaweza kuwagharimu shingo.

Rasimu ya historia ya usharika wetu nimeisoma, ina wachungaji watupu. Naomba uniandikie majina ya kina mama waliosomba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa lile, wote unaowakumbuka, pamoja na waliokwisha kufa. Nitayapeleka mwenyewe kwa katibu kabla kitabu hakijaenda kuchapwa.

Mwanao