Mkanda Umekatika Nyuzi, Kaka

Yellowknife, Kanada
9 Februari 2025

Kaka Salim, shikamoo.

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, kidole kimepona, na baridi ya huku sioni sababu ya kuijazia karatasi. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu ya maneno uliyoyaweka kwenye kundi la familia siku ya Ijumaa, mbele ya Shangazi na watoto wote, kwamba Mama analala chini ya mabati yanayovuja huku mimi nikikinunulia viatu vipya kichezeo changu cha barafuni. Maneno hayo yameniuma, na ningependa uisome hesabu yenyewe kabla hujanihukumu.

Pikipiki ya theluji si kichezeo. Mbele ina skii mbili za kuelekezea, na nyuma inasukumwa na mkanda mmoja wa mpira, hivyo ulivyoviita viatu, ambao kwa mashine yangu una mzunguko wa karibu mita 4 na upana wa nusu mita. Kwa mkanda huo navuta sleji ya kuni na madumu ya maji hadi kwenye nyumba zinazoelea hapa ghubani, ambazo ziwa likiganda hubaki zimeshikwa na barafu hadi majira yageuke. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alifiwa na mwanawe mwaka 1934 kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga barabara na hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 akapewa hataza ya mfumo wake wa sproketi, yaani gurudumu la meno, na mkanda linaouzungusha. Mtu aliyezika mtoto namna hiyo hakuwa akiunda kichezeo.

Mwezi uliopita, nikiwa na mzigo mzito, nilipita juu ya jiwe lililofichwa na theluji karibu na ufuo. Nilipoilaza mashine ubavu nikakuta meno 5 ya mpira yameng'oka kwa mfululizo, fito 3 za ndani zimevunjika, na ukingo wa kulia umechanika kuelekea katikati kwa sentimita 12 hivi. Meno mawili yakitoka mbalimbali, mtu hupunguza mwendo akamaliza msimu, hilo ningelivumilia. Ukingo ukichakaa tu, unaupunguza kwa kisu kikali ili usiendelee kuchanika, na vibanio vya chuma vinavyoteleza kwenye reli za plastiki hubadilishwa kimoja kimoja. Huu wangu, lakini, nyuzi zinaonekana, tena zimekatika. Nguvu ya kuvuta imo katika nyuzi hizo, wala si katika mpira unaozifunika, na fito ndizo zinazouzuia mkanda usikunjamane unapoizunguka sproketi.

Fundi mmoja wa hapa alinitajia bei ya kuuziba kwa bamba la chuma na bolti: dola 180 za Kanada. Ningeweza pia kununua mkanda wa mtumba kwa dola 350, nao nilikwenda kuutazama. Ulikuwa na meno yote, lakini nilipoupinda kwa mikono nikaona nyufa ndogondogo kwenye mashina ya meno, maana mpira ulikuwa umekaa juani miaka mingi ukakauka. Mpya ni dola 950. Nilizigeuza bei hizo kichwani siku tatu, nikiwaza paa la Mama na masika yanayokuja, na siku ya pili nilikuwa nimekwisha kukubali bamba.

Kilichonigeuza ni Baba. Fundi aliponionyesha lile bamba, nilimwona Baba pale Grogan, kwenye magereji ya Nairobi, akiingiza gaita, kile kiraka cha kipande cha tairi kuukuu, ndani ya tairi la Datsun, nawe umemshikia jeki. Tairi lile lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi vilevile. Usiku lilipotuachia njiani kule Mai Mahiu hujausahau, nami sijausahau, ila Mai Mahiu kulikuwa na barabara na malori ya watu wenye huruma. Huku mkanda ukikatika katikati ya ziwa, kwanza hujikunja ndani ya mashine, ukaweza kuvunja na vipozeo vya maji ya injini, kisha mtu hubaki na miguu yake, giza na upepo. Kwa hiyo nimenunua mpya, Kaka, na sijutii.

Kazi ya kuufunga nimeifanya mwenyewe, na hili nataka umsomee Mama kwa sauti. Niliuweka mkanda ndani ya karakana ya jirani yenye hita usiku kucha ili mpira ulainike, nikafungua bolti 4 za shokapu na reli zake, nikafungua sanduku la cheni, nikaitoa shafti, na nilipozizungusha beringi kwa kidole kama Baba alivyotufundisha nikagundua moja inakwaruza, nikaibadilisha. Kisha nikainua nyuma, nikauzungusha mkanda polepole, nikikaza huku na kulegeza kule hadi nafasi ikawa sawa pande zote mbili. Yule fundi alikuja kuukagua, akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia Nairobi, katika gereji ya baba yangu.

Kuhusu paa, leo nimetuma dola 400, takribani shilingi 36,000. Anza na chumba cha Mama kabla ya masika. Upande wa sebule na jikoni nitautumia fedha mwishoni mwa Machi, maana kazi ya kuni inaendelea vizuri hadi Aprili, barafu inapoanza kulainika. Nipimie chumba mwenyewe, urefu na upana, usimwachie fundi akukadirie mabati kwa macho.

Ramadhani inakaribia, na jana nilitamani mahamri ya Mama hadi nikashindwa kula nilichokipika. Mwambie hivyo, lakini usimwambie habari za jiwe.

Tena nasikia unataka kuliuza sanduku la spana za Baba ili ununue mbao za paa. Usiliuze. Niambie mbao ni bei gani nami nitazilipa.

Wasalaam,
Mdogo wako,
Hamisi