Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: friza imezima, sampuli zimeliwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini u mzima. Huku kwetu si salama. Jumamosi usiku umeme ulikatika, na Jumatatu nilipofungua friza maji yalinimwagikia miguuni. Sampuli za miaka miwili, nyingine tulizozichota mita 3,000 chini ya bahari, zote zimeyeyuka.

Safari iliyopita ulitufariji: "Si maji ya chumvi tu? Mtachota mengine." Basi niruhusu nikukumbushe. Baharini mna takribani tani bilioni 660 za kaboni iliyoyeyuka ndani ya misombo ya viumbe, yaani kemikali zitokanazo na vitu hai, kiasi kinachokaribiana na kaboni ya hewa ukaa yote angani. Mililita moja ya maji ya juu ina bakteria kama milioni moja, na virusi pengine mara kumi yao. Bakteria hula sukari na asidi amino zinazovuja kutoka kwenye mwani, wakatoa hewa ukaa. Virusi huwapasua, nayo makombo yakaliwa upya. Yanayowashinda hubaki majini maelfu ya miaka. Ndicho tulichokuwa tukipima: kipi kinaliwa, kipi kinaachwa.

Sasa kimeliwa. Maji huchujwa kabla ya kugandishwa, lakini chujio letu lina vitundu vya mikromita 0.7 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na bakteria wadogo kabisa hupenya. Kwenye barafu hutulia. Joto likirudi, karamu. Wao, tofauti na kamati ya manunuzi, hawaahirishi kikao. Nikipima leo nitapima mabaki ya karamu yao, si bahari.

Jenereta uliiahidi mwenyewe siku ya uzinduzi, kwenye kipaza sauti, tukakupigia makofi. Nasikia imekwama bohari ikingoja saini. Wengine wanasema fungu lake ndilo lililonunua mapazia ya ukumbi. Sina hakika. Mapazia yamependeza, lakini.

Kwa chupa hizo nilitapika melini siku kumi na tisa. Mwanafunzi wangu alikuwa ahitimu mwaka huu; juzi nilimkuta sakafuni anazipanga chupa kwa tarehe, kama vile tarehe bado zina maana.

Nilianza barua hii nikitaka king'ora cha joto, fundi wa kudumu, bajeti. Nimevifuta vyote. Jenereta, Mheshimiwa. Hata ndogo. Hata iliyotumika. Jenereta tu.

Friza ya pili bado inaunguruma, na tangu Jumatatu umeme umekatika mara mbili.

Wako mtiifu, bado,
Mtafiti wa ghorofa ya chini