Yaya, soma kwa sauti lakini ruka pale nitakuambia

Yaya wangu,

Jambo yenu nyote hapo Katuba, Lubumbashi, mama, mudogo, watoto, na jirani wetu najua ameshavuta kiti asikilize, naye jambo. Mie niko muzima. Sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza yote, hata pale jenereta ilifunika maneno, na nimeona maswali ni mingi kuliko salamu, sasa nimekaa juu ya kasha moja ndani ya ukumbi hapa Copenhagen, kuna mutu anapima ngoma pale mbele, boom, boom, nusu saa nzima ile ngoma moja, kurekodi sauti haiwezekani, basi naandika.

Naanza na swali ya mama. Hapana mama, hawa watu wa bendi ya rock nafanyia kazi hawaabudu shetani. Ni kweli wanavaa nyeusi toka kiatu mpaka kofia, ni kweli ile picha ya fuvu iko kwenye ngoma kubwa, na jina la bendi siliandiki tena hapa, juu najua pasta ameshalisikia na limeshafanyiwa maombi. Lakini nikuambie wanafanyaga nini wakitoka jukwaani. Muimbaji anakunywa maji moto na tangawizi, juu koo yake ikifa turne nzima, hii safari yote ya konseri, imekufa. Mupiga ngoma anafunga viwiko na bande na kupigia simu mutoto wake kumuuliza kama amemaliza devuari, kazi ya shule ya nyumbani. Na mupiga besi, mwanaume wa ndevu mpaka kifuani, anafuma. Anafuma soseti, mama! Mimi pia amenifumia, za kijani, njo nimevaa sasa hivi. Kuna ukumbi mumoja walitupangia chupa za wiski mezani wakifikiri rock njo hiyo, asubuhi chupa zilikuwa bado zimefungwa, karoti njo zilikuwa zimeisha.

Na ile picha munaonyeshana kartye nzima, mie na gitari jukwaani na taa nyuma, tafadhali muache kusema nimekuwa stari. Ile ni saa kumi muchana, ukumbi tupu, nilikuwa napima kable. Mie ni fundi wa gitari. Naweka nyuzi mupya, napanga sauti, nampelekea mwenyewe gitari ingine gizani kati ya nyimbo mbili, napokea ile imelowa jasho na kuifuta haraka haraka kabla ya wimbo wa tatu. Konseri inakula saa moja na nusu. Masaa yote mengine ya siku ni kubeba, kungoja, na kupigana na baridi, na kama mutu akiniuliza turne ya rock wakati huu ni nini nitamuambia ni baridi, muziki ni kidogo tu pale juu.

Munakumbuka asubuhi za mwezi wa saba kwetu, moshi unatoka mudomoni na watoto wanajificha karibu na mbabula, jiko la makaa? Basi hiyo huku wangevaa kaptula. Stockholm usiku mumoja ilikuwa digri 14 chini ya sufuri, nywele za ndani ya pua zinaganda, unasikia kabisa zikikwaruzana, na ukishika chuma ya mulango wa kamyo bila glovu inakukamata ngozi. Jua linazama saa tisa na nusu muchana. Sisi tunaamkaga karibu saa sita, piga hesabu mwenyewe jua ninaliona kiasi gani. Kule Sweden wanamwaga changarawe ndogo ndogo njiani watu wasiteleze, wazo nzuri sana kwa mutu wa miguu, lakini makasha yetu yana magurudumu, na changarawe moja ikiingia kwenye gurudumu kasha ya kilo mia inasimama pale pale katikati ya barafu, kiisha munainua kwa mikono wanaume wane na kila mumoja anatukana kwa luga yake.

Sasa mudogo, njoo karibu, hapa ni yako.

Kamyo inalalaga nje, gitari zinafika ukumbini zimekuwa barafu. Ukifungua kasha haraka haraka ndani ya joto la shofaji, ile mashini ya kupasha nyumba joto, hewa ya moto inagusa ubao na chuma baridi na papo hapo maji yanatoka, vitone vidogo kwenye nyuzi, kwenye vifungo, mpaka ndani ya ampli. Nyuzi zinaota kutu, vernisi inapasuka, na ampli yenye maji ndani ukiiwasha unaweza kuizika. Kwa hiyo kasha inakaa imefungwa, saa moja, saa mbili, ipate joto polepole. Watu wa ukumbi wanapita wanaona nimekaa juu ya kasha na kahawa mukononi, wanafikiri huyu ni muvivu, kumbe njo kazi yenyewe nafanya hivi. Kiisha shofaji nayo ina ubaya wake, inakausha hewa. Gitari inataka unyevu wa 45 mpaka 55 kwa mia, huku kipimo changu kinashukaga mpaka 20. Ubao unapoteza maji, unasinyaa, shingo inajikunja, na vichwa vya freti, zile chuma za kukatiza shingo, vinachomoza pembeni vinakukwangua mukono wakati unateleza. Kila jioni niko na ufunguo wangu mudogo nazungusha ile chuma ya ndani ya shingo, robo tu, zaidi ya hapo unavunja.

Njo maana nikasikia gitari ya marehemu baba imepasuka nikajua sababu mara moja. Haikupasuka juu ya mapepo, na hakuna mutu aliikalia. Ni kiangazi. Kwetu toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, hewa inakauka, na nyinyi mukaiweka juu ya kabati chini ya mabati yanayochemka muchana kutwa, ubao ungefanya nini. Sasa sikiliza vizuri, mvua inanyesha hapo, unyevu uko mwingi, ule ufa utajifunga wenyewe pole pole, na wakati umejifunga njo wakati wa kuweka gundi. Gundi ya mbao, ile nyeupe ya sermala, USIWEKE ile ya haraka ya viatu nakuomba. Legeza nyuzi zote kwanza. Kiisha ndani, chini ya ufa, sermala aweke kipande kidogo chembamba cha ubao kikatize ufa, kishikilie pande zote mbili. Mwezi wa tano ukifika chukua kisanduku cha sabuni, toboa matundu, weka sponji imelowa na kukamuliwa vizuri isitone, kifunge pamoja na gitari ndani ya kasha yake, kila juma unalowesha tena. Sponji inagharimu kitu gani? Nyuzi nitatuma mie, nyembamba, zisiivute sana hiyo mama muzee.

Yaya, hapa njo uruke. Anza tena pale utaona MAMA kwa herufi kubwa. Muambie simu imekwama kidogo.

Uliniuliza tunalala wapi. Tunalala ndani ya bisi ikitembea, vitanda vitatu vitatu kwenda juu, pazia moja, ukikaa unagonga kichwa. Miguu inaangalia mbele, kwa shofere, siku zote, juu breki ikikanyagwa kwa nguvu bora igonge miguu kuliko shingo. Choo ni ya kukojoa tu, haja kubwa unangoja steshoni, na hiyo sheria hata muimbaji haivunji. Shofere ni muzee wa Poland, mutu wa sheria mpaka inachosha, masaa tisa kwa siku, mara mbili kwa juma anaruhusiwa kumi, kila baada ya masaa manne na nusu anapumzika dakika 45, na kuna mashini inaandika yote huwezi kuidanganya. Mashofere wetu wa Kolwezi wangemucheka. Mie simucheki tena na nitakuambia kwa nini.

Kutoka Stockholm kuja hapa unafuata barabara ya E4, inapita karibu na Ljungby. Mwaka 1986, alfajiri ya tarehe 27 mwezi wa tisa, Metallica, bendi kubwa ya rock ya Marekani, walikuwa wametoka kucheza Stockholm wanakuja hapa Copenhagen, njia ile ile yetu, bisi ikatoka barabarani ikapinduka na Cliff Burton mupiga besi akafa, miaka 24. Usiku ule yeye na Kirk Hammett, mupiga gitari wao, walikuwa wamevuta karata nani achague kitanda, Burton akashinda, akachukua kile cha mwenzake. Shofere alisema ni barafu nyembamba ya barabarani, ile haionekani, James Hetfield, muimbaji wao, akatembea kwenye lami na soseti akiitafuta hiyo barafu na anasemaga hakuiona. Pale Dörarp, karibu na mahali ajali ilitokea, kuna jiwe la ukumbusho tangu 2006. Tulisimama, na sikudanganyi, heshima ilikuwepo lakini zaidi ilikuwa zile dakika 45 za muzee. Mupiga besi wetu akashuka na ndevu zake, akaweka plektra moja, kile kipande cha kupigia nyuzi, kwenye jiwe, akarudi ndani, akaniomba tubadilishane kitanda. Nilikataa. Nampenda lakini nilikataa.

Ukisema basi wapande ndege, muzee shofere ana hadithi ingine. Mwanzo wa 1959 Buddy Holly, muimbaji wa rock wa Marekani, alikuwa kwenye turne ya baridi Marekani, shofaji za mabisi zinakufa moja baada ya ingine, mpaka Carl Bunch, mupiga ngoma, akaenda hospitali juu miguu iliganda. Ndani ya bisi! Holly akachoka, akakodi ndege ndogo baada ya konseri ya Clear Lake kule Iowa, ikaanguka usiku ule ule wa tarehe 3 mwezi wa pili, yeye, waimbaji wenzake Ritchie Valens na J.P. Richardson, na rubani, hakuna aliyepona. Kwa hiyo usiku shofaji yetu ikibadilisha sauti kidogo tu, mapazia yote yanafunguka na kila mutu anauliza ni nini hiyo. Haya, inatosha.

MAMA, tunaendelea. Ndiyo nakula. Unga nilinunua Matonge pale Bruxelles kabla ya kuondoka, na sufuria yangu ndogo iko, wapishi wa kumbi wengine wananiachia jiko. Sombe, majani ya muhogo, hakuna, napika bukari, ugali wetu, na dengu juu hawa wengi hawagusi nyama, mupiga ngoma anajua sasa kufinyanga tonge, muimbaji bado anatumia uma, tumuombee.

Kitu kimoja nataka mukijue wote. Hamburg, nilikuwa nyuma ya jukwaa napima gitari mumoja, na nikipima sipigagi mambo yao, napiga ya baba, vidole viwili, gumba linashika besi chini, cha shahada kinaimba juu. Mupiga gitari wetu akatoka chooni na mswaki mudomoni, povu mpaka kwenye ndevu, akatafuta kwa macho gitari ya pili iko wapi. Nikamuonyesha mukono. Akatoa mswaki, akasema rudia. Nikamuambia hii ni ya Mwenda Jean Bosco, mupiga gitari wa kwetu, wa Bayeke, Hugh Tracey, muzungu aliyekuwa anazunguka kurekodi muziki wa Afrika, alikuja kumurekodi mwaka 1952 Jadotville, Likasi ya leo, na Mwenda akafa 1990, na kwetu wazee wa rika ya baba kila mumoja anajidai alimuona akipiga kwa karibu. Tangu hapo kila siku kabla ya konseri anakuja na kiti chake, anaweka simu mbele ya magoti yangu, anafilimu kidole. Huyu mutu ana pedali zinajaza ubao mzima chini ya miguu yake, na bado gumba lake limelala, linamuchelewesha, besi inamukimbia, anakasirika, anaanza tena. Muvivu wa kidole lakini si muvivu wa kichwa. Na Oslo alifanya kitu, katikati ya wimbo mumoja wa makelele akaacha wote wanyamaze akaingiza kipande kidogo cha ile gumba, na distoshoni juu, chafu kabisa, na watu wa Oslo wakaruka nayo na nywele zao bila kujua inatoka Likasi. Mie niko pembeni na taulo mukononi nacheka peke yangu. Kiisha nikamuambia akiirekodi aandike jina la muzee. Amekubali mbele ya mupiga besi, shahidi yuko.

Franga nimetuma kwa njia ya siku zote. Ni ya minervali, ada ya shule, ya mudogo na dawa za mama za presha, kinachobaki ni unga, SI ya sare za harusi ya kuzeni, hata akikuja kulia. Nalipwaga kwa siku, siku bila konseri ni nusu, na turne inaisha mwisho wa mwezi wa pili, kiisha kazi hakuna mpaka festivali za kiangazi cha huku zianze, kwa hiyo mupange vizuri, musiniandikie mwezi wa tatu kama vile mie ni banki.

Haya, nimeshika pembe za makasha, zimepata joto, naenda kufungua. Mudogo anitumie picha ya ufa kabla ya kugusa gundi. Na yule mutoto wa shangazi, kama mulimupiga juu ya ile gitari, aombwe samahani na apewe franga ya beignet.

Ni mie, mutoto wenu