Karavani zikomee kwenye lami, zisiingie msitu wa Kakamega

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotusumbua sisi tunaoishi pembezoni mwa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hasa upande wa Shinyalu na Isecheno. Watalii wanaosafiri kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, huku yakikokota karavani za kulala, wamezoea kupenya hadi vijia vya ndani ya msitu, na hupenya hata wakati wa masika ambapo udongo wetu umelowa hadi chini. Sina kinyongo na wageni hao. Ninachoomba ni kwamba karavani zao zikomee karibu na lami, na msituni waingie kwa miguu, au kwa gari lisilokokota chochote pale penye njia inayolistahimili.

Msitu wenyewe umebaki kidogo. Ni masalio ya mashariki kabisa ya ule ukanda wa misitu ya mvua unaotokea Afrika Magharibi na kupitia Kongo hadi Uganda, nao hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ulitengwa kisheria mwaka 1933, na eneo lake ni kama kilomita mraba 240, lakini si kote humo kulikobaki na miti ya asili. Upande wa kaskazini, yaani Buyangu na Kisere, ulifanywa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985 na uko chini ya shirika la wanyamapori la Kenya (KWS). Huku kwetu kusini msimamizi ni shirika la misitu la Kenya (KFS). Vijia vingi vya ndani ni vya enzi za ukataji wa magogo, na tangu hapo vimekuwa vya watembea kwa miguu, wa baiskeli, wa akina mama wanaobeba kuni zilizoruhusiwa, na wa watoto wanaokatiza kwenda shule.

Masika yaliyopita nilikuta msafara mmoja umekwama katika kijia kama hicho. Mvua ya alasiri, ambayo kila mkazi wa Kakamega anaijua, ilikuwa imetoka kunyesha. Gari la mbele lilikuwa limepita, lakini karavani yake iliteleza, gurudumu moja likaingia mtaroni, na sakafu ikakalia matope. Wenye msafara walifunga waya wa winchi, yaani mashine ya kuvutia gari lililokwama, kwenye shina la mti mchanga wa mwiritsa (Prunus africana) bila kutanguliza mkanda mpana wa kulinda gome, kisha wakavuta. Karavani ilitoka, lakini waya ulikuwa umekata gome kuzunguka shina lote hadi kwenye mti mweupe wa ndani. Mti uliokatwa gome namna hiyo hauwezi tena kupeleka chakula mizizini, kwa hiyo hufa polepole, hata kama majani yatabaki kijani kwa muda. Mwiritsa ni mti ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995, kwa sababu magome yake yalivunwa kupita kiasi ili kutengeneza dawa ya tezi dume. Mwanakijiji akibandua gome lake hapa hukamatwa, na ni haki akamatwe. Sioni kwa nini winchi iwe na ruhusa asiyokuwa nayo yeye.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba kosa lilikuwa la dereva, si la karavani. Nakubali kwamba dereva mzuri hupunguza upepo wa tairi, hutumia gia nzito na hubeba mkanda wa winchi. Hata hivyo, gari linalokokota lina matatizo ambayo ustadi hauyaondoi. Karavani kubwa huwa na uzito wa tani 2 au zaidi, na kwa kawaida karibu asilimia 10 ya uzito huo hukandamiza nyuma ya gari, hivyo magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya kukata kona, hupungukiwa na mshiko. Kwenye mteremko wenye utelezi karavani husukuma gari kutoka nyuma, na mara nyingine hulikunja pembeni. Mbaya zaidi ni kwamba msafara ukikutana na kisiki au mti ulioanguka, hauwezi kurudi kinyumenyume kwa urahisi kama gari tupu, kwa hiyo watu hufyeka kando ili wapate pa kuzungukia. Wa pili hufuata hapo hapo, na wa tatu akikuta pamekuwa tope hufungua pengine. Mvua inayofuata hupata mifereji ya matairi iliyo tayari, ikabeba udongo hadi mito ya Isiukhu na Yala.

Kisha kuna urefu wa hizo karavani kwenda juu, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ili zipite, matawi yanayokutana juu ya njia hukatwa. Mbega huishi juu mitini na huvuka kwa kuruka kutoka tawi hadi tawi. Matawi hayo yakiondolewa, hulazimika kushuka chini penye mbwa na magari. Mtalii amekuja kuwaona mbega na hondohondo, na njia yake ya kuja ndiyo inayowafukuza.

Hata mahali ambapo safari za karavani ni desturi ya watu, zina mipaka. Jimbo la Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, lina msitu wa mvua wa Daintree, ulio sehemu ya eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1988. Hadi Cape Tribulation kuna lami. Kutoka hapo kuelekea mto Bloomfield huanza njia ya udongo yenye miinuko mikali, ambayo ni ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu, na wasafiri hushauriwa wasikokote karavani humo. Njia hiyo ilipoanza kuchongwa mwaka 1983, wananchi walijilaza mbele ya mashine kuipinga. Huko pia wanahofia matope ya matairi, kwa kuwa hueneza mbegu za magugu na vijidudu vinavyoozesha mizizi. Sisi tayari tunapambana na mipera na lantana zinazovamia kingo za msitu wetu.

Kuhusu fedha, ambazo ndizo hoja kuu ya wanaotetea misafara hii, naona mambo ni kinyume na wanavyosema. Anayelala ndani ya karavani katikati ya msitu amebeba chakula chake, maji yake na kitanda chake. Akiiegesha katika mji mdogo wa Khayega au kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, mwenye kiwanja atalipwa, mama wa hoteli atauza chai na chapati, bodaboda atambeba hadi langoni, na kijana anayejua sauti za ndege, katika msitu wenye aina zaidi ya 300 za ndege, atapata kazi ya kumwongoza. Kutoka barabara kuu hadi Buyangu si mwendo wa kumchosha mtu aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya kuona msitu.

Nawaomba KFS na KWS wapige marufuku kukokota chochote katika vijia vya ndani, wafunge vijia hivyo kwa magari yote baada ya mvua kubwa hadi vikauke, na wakataze kufunga winchi kwenye mti bila mkanda. Serikali za kaunti za Kakamega na Vihiga nazo zikubaliane na wenye ardhi kuhusu viwanja vya kuegesha vyenye maji na vyoo. Mabango yawekwe Khayega na kwenye njia panda ya Buyangu kabla ya mwezi wa Machi, maana mgeni aliyekwisha kufika langoni na karavani nyuma yake hana tena pa kugeuzia.

Mkazi wa Shinyalu,
Kaunti ya Kakamega