Polisi wa Afrika Kusini watuambie wanaouawa ni raia wa wapi

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya miezi mitatu polisi wa Afrika Kusini hutangaza takwimu za uhalifu. Mimi huzisikiliza redioni nikiwa kazini, mikono imo kwenye nywele za mteja. Husomwa mauaji kwa jimbo na kwa kituo, ubakaji, utekaji wa magari. Hata yale maduka madogo ya mitaani, spaza, yana hesabu yake ya kuvamiwa. Kitu ambacho sijawahi kusikia kikisomwa ni wageni wangapi wameuawa au kuporwa kwa sababu ya ugeni wao, na wageni hao ni raia wa nchi gani.

Mimi ni mtu wa Korogwe, naishi Durban, nasuka nywele. Katika kikundi chetu cha Watanzania ndiye ninayeweka daftari la misiba. Mwenzetu akifariki tunachanga ili mwili urudi nyumbani, na mimi naandika: jina, wilaya, ndugu wa kupigiwa simu, sababu ya kifo. Wengi ni maradhi na ajali. Lakini zipo kurasa ambazo nimeandika "ameuawa", na kwenye kurasa hizo ndipo simu za kutoka Muheza na Lushoto huwa ndefu. Mama mtu anataka kujua: mwanangu wamemuua majambazi, au wamemuua kwa kuwa ni Mbongo? Kituoni tunapewa namba ya jalada, na jalada linasema mauaji. Mama huyo sina la kumjibu.

Kijana mmoja wa kwetu alikuwa na duka kwenye kitongoji nje ya jiji. Waliomvamia usiku walibomoa mlango huku wakipiga kelele "kwerekwere, rudi kwenu"; kwerekwere ni tusi wanaloitwa Waafrika wageni huku. Maduka ya wenyeji, kulia na kushoto kwake, hayakuguswa. Nilimsindikiza polisi asubuhi yake. Akaeleza yote, askari akaandika kuvunja na kuiba. Nikamwomba askari aongeze yale maneno waliyokuwa wakiyatamka. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba fomu haina mahali pa kuyaandika. Sina kinyongo naye. Lakini tukio lile likaingia kwenye takwimu za robo ile kama wizi mwingine wowote, na kilicholifanya liwe la chuki kikabaki nje ya karatasi.

Wapo wanaosema hakuna haja ya kutenganisha, kwa kuwa nchi hii inaua kila mtu. Ni kweli inaua: mwaka wa fedha wa 2022/23 peke yake polisi walihesabu mauaji zaidi ya 27,000, na wengi mno kati ya waliokufa ni wenyeji. Nawalilia na wao. Ila idadi kubwa namna hiyo ndiyo inayotufunika sisi. Aprili 2022 huko Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba likidai hati za watu, na Mzimbabwe mmoja akapigwa na kuchomwa moto. Kifo cha namna hiyo katika hesabu ya polisi huweza kukaa pamoja na cha mwizi wa kuku aliyeuawa na wananchi wenye hasira.

Na kuhesabu wanaweza wakitaka. Septemba 2019, maduka ya Johannesburg yalipokuwa yanaungua na Wanigeria wanajiandaa kupanda ndege kurudi kwao, Rais Cyril Ramaphosa alilitangazia taifa kwamba watu wasiopungua 10 wameuawa, wawili kati yao wageni. Mei 2008, katika mashambulizi mengine dhidi ya wageni, waliouawa walikuwa 62, na ilipofuatiliwa ni raia wa wapi ikaonekana 21 kati yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Hesabu hiyo naomba isomwe taratibu. Ilifunua kwamba anayewinda wageni humuua pia mwenzake wa makabila madogo, Mtsonga au Mvenda, kwa lafudhi yake tu. Bila kuuliza uraia wa marehemu, wenyeji wasingejua kwamba moto ule unawafikia na wao. Hata hivyo Rais wa wakati huo, Thabo Mbeki, aliposimama kuwakumbuka waliokufa alisema haikuwa chuki dhidi ya wageni bali uhalifu mtupu. Maneno hayo tumekuwa tukiyasikia tena kila maduka yanapovunjwa, na hatuna takwimu za polisi za kuyapima.

Mradi wa Xenowatch wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand unajitahidi kukusanya matukio haya, yaliyotokea tangu 1994. Nawashukuru sana. Lakini mtafiti hana majalada ya vituo vyote vya polisi. Polisi wanayo.

Tena sisi Watanzania kuhesabu tunakujua. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipozidi Kanda ya Ziwa, kilichoitikisa serikali na dunia ni orodha: huyu Mwanza, huyu Shinyanga, huyu Geita. Sheria ya Afrika Kusini dhidi ya uhalifu wa chuki, aliyoitia saini Rais Ramaphosa Mei 2024, inataja ualbino, na inataja uraia pamoja na hali ya mhamiaji na mkimbizi. Msingi wa kuhesabu umo humo.

Nina hofu moja na siwezi kuificha. Askari akianza kuuliza "wewe raia wa wapi?", asiye na kibali atakimbia, na hesabu itabaki ya wenye karatasi tu. Kwa hiyo uraia uandikwe kwa ajili ya takwimu, usipelekwe Uhamiaji, na jina la mtu lisitangazwe. Ufini, Chuo cha Polisi kimekuwa kikitoa ripoti za uhalifu wa chuki zinazoonyesha hadi uraia wa waathirika, na hakuna mwathirika, awe Msomali au wa nchi nyingine, anayetajwa jina humo.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni waandishi wako waupelekee ubalozi wetu Pretoria maswali haya. Je, umewahi kuwaomba polisi wa Afrika Kusini, kwa maandishi, idadi ya Watanzania waliouawa, kujeruhiwa au kuporwa kwa sababu ya utaifa wao? Kama uliomba, ulijibiwa nini, na kwa nini familia za Korogwe, Muheza na Lushoto hazijaambiwa? Kama haukuomba, utaomba lini? Majibu myachapishe kwa tarehe na jina la aliyejibu. Upande wangu, daftari letu liko tayari kukaguliwa na ofisa yeyote wa ubalozi, akitaka kulinganisha.

Msomaji wako,
Msusi wa Korogwe,
Durban, Afrika Kusini