Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, mafundi, ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mahesabu atayasoma mhazini, kwa hiyo sitayagusa. Mimi nitazungumzia mafunzo ya vikundi vyetu vya wachongaji, wafuga nyuki na wasukaji, na nianze na lile ambalo wengi mnalijua ila hakuna aliyetaka kulisema mbele yangu: yale magogo ya mpingo yaliyopasuka.

Yalitoka msitu wa hifadhi wa kijiji, kwa kibali, yamegongwa nyundo ya alama ya uvunaji, kila kitu halali. Tuliyashusha uani Ijumaa, kozi ianze Jumatatu. Mimi ndiye niliyesema yaachwe pale pale, kwa kuwa stoo ilijaa makuti. Jua la siku mbili likatosha. Jumatatu fundi wetu mzee alichuchumaa, akaingiza ukucha kwenye ufa wa gogo la kwanza, ukazama. Akaenda la pili, la tatu, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Nta ya kina mama wa nyuki iko wapi?"

Nta ilikuwepo, ndoo nzima, banda la pili tu kutoka hapo. Mpingo mbichi hukauka haraka kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na nyufa huanzia hapo. Ukizipaka ncha hizo nta iliyoyeyushwa na kuliweka gogo kivulini, linakauka taratibu. Fundi anajua hilo tangu ujana wake, lakini hakuwepo siku ya kushusha. Kikundi cha nyuki nacho kilidhani nta ni ya kupaka ndani ya mzinga mpya ili nyuki waingie, basi. Na mti wenyewe hukaa porini si chini ya miaka 70 kabla haujafikia unene wa kuvunwa. Nawaomba radhi.

Baada ya hapo kamati iliamua kwamba kila kozi ianzie msituni, vikundi vyote pamoja. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa la mwaka. Wachongaji walielezwa na wafuga nyuki kwa nini tumeachana na mizinga ya magome: ukilivua gome zima, mti unakufa umesimama. Wasukaji walionyesha mkindu, chipukizi lipi la katikati linakatwa na lipi linaachwa ili shina lisidhoofike. Vijana kadhaa walikuwa wakiamini msitu ni wa serikali tu na kuukata mti ni kuiba. Tukawaeleza kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuuvuna kwa mpango, na kwamba Kikole na Kisangi, hapa hapa Kilwa, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao. Niliona macho yakibadilika.

Kozi ya ukili, yaani ya kusuka mikeka, imekwenda vizuri kuliko zote, na sababu ni bibi anayefundisha, ambaye hana haraka na mtu. Hufumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya shupatu (ukanda uliosukwa) la mwanafunzi, na akifika penye majani ya miyaa yaliyolegea anafumua mpaka hapo. Binti mmoja alifumuliwa mara nne asubuhi moja. Akalia, akaenda zake, kesho yake akawa wa kwanza kufika. Sasa anaushona mkeka wake mwenyewe kwa shazia, ile sindano kubwa. Walijifunza pia kupata manjano kwa kuchemsha bizari. Wanunuzi, kusema kweli, bado wanapenda rangi za dukani kwa sababu zinawaka zaidi, na mimi sibishani na mteja.

Mizinga miwili ya mbao iliangushwa na nyegere. Ilitundikwa chini mno. Imekwisha kupandishwa.

Wapo waliopendekeza kozi ya uchongaji ifupishwe iwe ya siku mbili, watu wapewe cheti, waingie wengine. Ada ingeongezeka, sikatai. Lakini siku mbili zinamtosha mtu kujua tezo inavyoshikwa. Hazimtoshi kutengeneza mpini wa jembe usiochubua viganja vya mkewe shambani. Napendekeza tubaki na wiki mbili, na anayeanza achonge mwiko kwa mwembe au mwarobaini kwanza. Mpingo aguse akishaharibu vya kutosha. Napendekeza vilevile posho ya mafundi ilipwe kila jioni, siyo mwisho wa kozi. Mzee wa watu hawezi kurudi nyumbani wiki mbili mikono mitupu kwa sababu karatasi haijasainiwa.

Hayo mawili mtayapigia kura baada ya chai.

Wenye ada ya mwaka wamwone mhazini kabla ya kuondoka. Na aliyeazima tezo ndogo ya fundi, ile yenye mpini uliofungwa mpira, airudishe. Simtaji, ila ananisikia.